SHA: Kelele ziko kwenye asilimia 2.75, tatizo liko kwingine

Tangu Oktoba 2024, mjadala wa SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya nchini Kenya, umekuwa ukiendeshwa juu ya hati ya mshahara. Mwajiriwa anatazama makato ya bima hiyo, ambayo sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara, anaona pale palipokuwa na Sh1,700 sasa pana Sh4,000 na ushei, anakasirika. Mtetezi wa serikali anamjibu kwamba hata maskini sasa anatibiwa. Wanajibizana hivyo hivyo redioni, ofisini na ndani ya matatu, na kila mmoja ana ukweli wake. Lakini wote wawili wanagombania sehemu ya mpango ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo timamu zaidi. Sehemu inayonitia wasiwasi ni ile inayomhusu mtu asiye na hati ya mshahara kabisa, na huyo ndiye Mkenya wa kawaida.

Mpango huu ni wa Rais William Ruto. Aliuweka katika nguzo tano za serikali yake alipoingia madarakani mwaka 2022, akausimamia hadi ukawa sheria. Kwa kuwa una jina lake, wengi wanaupima kwa kumpima yeye: anayempenda anausifu, asiyempenda anautupa. Mimi naomba tuweke siasa kando kwa muda na tuulize maswali matatu ambayo mpango wowote wa afya, wa mwanasiasa yeyote, lazima uyajibu. Nani anatoa pesa? Pesa hizo zinamnunulia mgonjwa nini? Na kutoka mfukoni mwa mchangiaji hadi mlangoni mwa zahanati, zinapita wapi na zinachukua muda gani?

Tuanze na kilichokuwapo, kwa sababu wengi wameanza kukikumbuka kwa wema kuliko kilivyostahili. NHIF ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa bima ya hospitali, nayo kwa miaka mingi ililipia hasa aliyelazwa. Kuanzia 2015 mwajiriwa alikatwa kwa ngazi: wa chini kabisa Sh150 kwa mwezi, wa juu kabisa Sh1,700, na ngazi hiyo ya juu ilianzia mshahara wa Sh100,000. Asiyeajiriwa alilipa Sh500 kwa mwezi, awe na duka la jumla au anauza sukuma wiki kando ya barabara.

Piga hesabu uone. Mwenye mshahara wa Sh100,000 alitoa asilimia 1.7 ya mapato yake. Mwenye mshahara wa Sh1 milioni alitoa zile zile Sh1,700, yaani asilimia 0.17. Mama mboga anayebakiwa na Sh10,000 kwa mwezi alitoa Sh500, ambayo ni asilimia 5. Kadiri mtu alivyopanda ndivyo mzigo ulivyomwepukia, na aliyekuwa chini kabisa ndiye aliyebeba sehemu kubwa zaidi ya kile alichokuwa nacho. Ongeza kashfa za madai hewa, ambapo hospitali ziliwasilisha bili za upasuaji usiofanyika, pamoja na madeni ambayo NHIF iliyaacha kwa hospitali ilipofungwa. Hoja ya kwamba chombo kile kilihitaji kubadilishwa haina ubishi.

Tarehe 19 Oktoba 2023, Ruto alitia saini sheria nne kwa mpigo: ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma za Afya ya Msingi, ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo, na ya Afya ya Kidijitali. Sheria ya tatu haizungumzwi sana ila inastahili sifa. Inaruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia kununua dawa na vifaa, badala ya pesa hizo kwenda kwenye akaunti kuu ya kaunti na kurudi zikiwa zimechelewa, au zisirudi kabisa. Yeyote aliyewahi kutumwa nje ya hospitali ya kaunti akanunue glavu na sindano duka la dawa la jirani anajua kwa nini kipengele hicho ni muhimu.

Sheria ya kwanza ndiyo iliyoizika NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Watu husema SHA kana kwamba ni mfuko mmoja. Ni mamlaka inayosimamia hazina tatu, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Hazina ya kwanza ni ya Huduma za Afya ya Msingi. Inagharamia zahanati na vituo vya afya vya mashinani, na pesa zake zinatakiwa kutoka kwa serikali. Mgonjwa hapaswi kuulizwa kama amelipa chochote. Ya pili ni SHIF, bima yenyewe, inayolipia hospitali kubwa kuanzia Level 4 hadi Level 6, na hii ndiyo inayolishwa na michango yetu. Ya tatu ni Hazina ya Dharura na Magonjwa Sugu na Mahututi. Nayo inatakiwa kujazwa na serikali, na kazi yake ni kupokea mgonjwa ambaye SHIF imemfikia kikomo: wa saratani, wa figo, aliyegongwa na gari akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwenye karatasi, mpangilio huu ni mzuri. Sisemi hivyo kwa adabu. Mtoto mwenye malaria hapaswi kuhojiwa kuhusu michango ya baba yake, na mzee mwenye saratani hapaswi kuuza shamba pale bima inapoisha. Aliyepanga hazina hizi tatu alilielewa tatizo.

Sasa tuje kwenye ile asilimia 2.75. Inakatwa kutoka kwa mapato yote ya mwajiriwa kabla ya makato mengine, isipungue Sh300 kwa mwezi, na haina kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 chini ya NHIF; sasa anakatwa Sh550. Mwenye Sh30,000 alikatwa Sh900, sasa ni Sh825. Mizani inageuka karibu na Sh33,000: mwenye Sh35,000 ametoka Sh950 hadi Sh962 na senti. Kuanzia hapo mwajiriwa analipa zaidi. Mwenye Sh50,000 ametoka Sh1,200 hadi Sh1,375, mwenye Sh100,000 kutoka Sh1,700 hadi Sh2,750, na mwenye Sh500,000 kutoka zile zile Sh1,700 hadi Sh13,750.

Kwa hiyo mlinzi, mpishi wa shule na mfanyakazi wa kiwandani wamepunguziwa. Jambo hili limesemwa kidogo mno, na nadhani sababu ni kwamba wenye sauti kubwa katika vyombo vya habari na mitandaoni hawako katika kundi hilo. Kanuni ya kila mtu kutoa fungu lile lile la mapato yake ni ya haki kuliko ile iliyokuwapo, na aliyepandishiwa mchango hadi Sh13,750 bado anatoa asilimia sawa na ya mlinzi wake.

Hata hivyo mwajiriwa ana malalamiko mawili ambayo naona yana uzito kuliko ukubwa wa makato. La kwanza ni mwajiri. Katika ushuru wa nyumba, mfanyakazi anatoa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza asilimia 1.5. Katika NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, vivyo hivyo, mwajiri anachangia sehemu yake. Katika afya, ambayo mwajiri ndiye anayefaidika moja kwa moja mfanyakazi anapopona haraka, mwajiri hatoi hata shilingi. Kazi yake ni kukata na kupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Nchi iliyoweza kumwambia mwajiri achangie nyumba haiwezi kudai kwamba kumwambia achangie matibabu ni jambo lisilowezekana.

La pili ni la mume na mke wote walioajiriwa. Kila mmoja anakatwa asilimia 2.75 yake kamili, lakini vikomo vya matibabu vingi vimewekwa kwa familia. Wanachanga mara mbili, wanahesabiwa mara moja. Serikali inaweza kujibu kwamba bima ya jamii ni ya kusaidiana, si ya kila mtu kupata alichotoa, na jibu hilo lina msingi. Ila basi liwe limesemwa wazi tangu mwanzo, kwa sababu watu huvumilia mzigo walioelezwa.

Kuna nafuu moja iliyopita kimya kimya: tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mchango wa SHIF unaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Sehemu ya kile kinachokatwa inarudi kupitia kodi iliyopungua.

Nimekaa kwenye mshahara muda wa kutosha. Kati ya kila Wakenya 10 wanaofanya kazi, zaidi ya 8 wako katika sekta isiyo rasmi: juakali, bodaboda, vibarua, wakulima wadogo, wavuvi wa Lamu na Homa Bay, wauzaji wa mitumba. Hawana mshahara wa kukatwa. Mpango unawatendea vipi?

Unawaambia wajiandikishe, kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini, kisha wajibu maswali. Nyumba yako ina ukuta wa nini? Sakafu? Paa? Maji unayatoa wapi? Choo ni cha aina gani? Unapikia nini? Mnaishi watu wangapi, mna mifugo gani? Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, nao unakisia mapato ya familia na kutoa asilimia 2.75 ya makisio hayo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na zinatakiwa kulipwa za mwaka mzima kwa pamoja.

Mtu anayetaka kuutetea utaratibu huu ana hoja nzuri, na nitaieleza kwa uaminifu. Chukua chama cha mazishi cha kijijini. Kikiruhusu watu kujiunga siku wanapofiwa, kitakufa katika mwaka wake wa kwanza, kwa sababu hakuna atakayetoa kitu kabla ya msiba. Bima iko hivyo hivyo. Chini ya NHIF, watu wengi wasioajiriwa walilipa Sh500 pale mama alipokaribia kujifungua au baba alipoanza kukohoa damu, kisha wakaacha. Wenye afya walikaa nje, wagonjwa wakaingia, na pesa hazikutosha. Kulipa mwaka mzima kwa pamoja kunafunga mlango huo. Na kuuliza kuhusu nyumba na mifugo ni njia ya kumtofautisha mwenye uwezo na asiye nao pale ambapo hakuna hati yoyote ya mapato.

Tatizo ni kwamba dawa hii inamponza yule yule aliyekusudiwa kuponywa. Mwendesha bodaboda hupata pesa yake kwa siku, na kwa siku huitumia: petroli, chakula, kodi ya pikipiki kwa mwenyewe. Anaweza kutoa Sh20 leo na Sh20 kesho. Kumdai Sh3,600 au Sh6,000 mara moja ni kumdai kitu ambacho mkono wake haujawahi kukishika kikiwa kizima. Serikali ililiona hilo, na mwaka 2025 ikaanzisha Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu anakopeshwa mchango wa mwaka kisha anaulipa kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kumfungia nje. Lakini itazame vizuri: familia ambayo haijaugua inachukua mkopo ili iruhusiwe kuugua.

Makisio ya mapato nayo yana kasoro ambayo haiondoki kwa kuboresha programu ya kompyuta. Vitu vinavyoulizwa vinaonyesha mali ya jana, si pesa ya leo. Fikiria mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyojenga mumewe enzi za kahawa kulipa. Ana maji ya mfereji, ana choo kizuri, na hana chochote mfukoni. Mfumo unamwona tajiri. Fikiria kijana aliyepanga chumba cha mabati Mukuru, anayefanya biashara ya simu inayomwingizia pesa nzuri kila wiki. Mfumo unamwona maskini. Nchi zote zilizotumia njia hii ya kukisia zimekuta makosa ya aina hizo mbili, na mahali ambapo matokeo ni kuamua nani apewe chakula cha msaada, kosa linaweza kurekebishwa mwezi ujao. Hapa matokeo ni kuamua nani atapasuliwa.

Ndiyo maana idadi ya waliojiandikisha isitupumbaze. Kufikia katikati ya 2025 serikali ilikuwa ikitaja zaidi ya watu milioni 20 waliosajiliwa, na hilo ni la kupongezwa. Lakini kusajiliwa hakumlipii mtu kitanda. Kati ya wasioajiriwa, waliofuata usajili kwa mchango walikuwa sehemu ndogo sana, na SHIF ikabaki inabebwa na waajiriwa. Wale wanaolalamikia hati ya mshahara wana haki ya kujua sababu yake: wanalipia bima ambayo wengi wa wanachama wake hawana namna ya kuilipia.

Sheria yenyewe inasema serikali itawalipia wasiojiweza. Mwaka 2025 Rais alitangaza kwamba watu milioni 2.2 watalipiwa. Weka nambari hiyo kando ya nyingine: kwa takwimu za serikali yenyewe, mwaka 2022 asilimia 39.8 ya Wakenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini, ambao ni zaidi ya watu milioni 20. Kwa kila maskini mmoja aliyelipiwa, wapo wengine wanane walioachwa wajitegemee.

Wengine wamepitia njia hii kabla yetu. Ghana ilipitisha sheria yake ya bima ya afya mwaka 2003, na haikutegemea michango ya wauza sokoni. Iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, kwa mtindo wa VAT, na tozo hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mfuko. Thailand ina funzo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi iliuza kadi za afya za hiari kwa watu wa vijijini, na ikakutana na tatizo lile lile la wagonjwa kununua na wazima kukaa pembeni. Mwaka 2001 Thaksin Shinawatra, mwanasiasa ambaye hadi leo wananchi wake hawakubaliani juu yake, alishinda uchaguzi akiahidi kwamba kila raia atatibiwa kwa baht 30 kwa ziara. Wasio na bima ya kazini wakagharamiwa moja kwa moja na kodi. Hawakuulizwa kuta zao ni za nini. Serikali zilibadilika, mwenyewe akapinduliwa, na mpango ukabaki kwa sababu hakuna aliyethubutu kuugusa.

Si haki kulinganisha bila kutaja kilichotangulia. Kabla ya baht 30, Thailand ilikuwa imetumia miongo kadhaa kujenga hospitali za wilaya na kuwapeleka madaktari wapya kuhudumu mashambani kwa lazima. Kenya ina madaktari wanaotafuta ajira na hospitali zisizo na madaktari, kwa wakati mmoja. Na mwaka wa Gen Z kuingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024 ulionyesha kwamba kodi mpya haipandishwi tena kwa urahisi nchini humu. Anayesema matibabu ya maskini yatoke kwenye kodi, nami nasema hivyo, lazima akubali kwamba kuna kitu kingine kwenye bajeti kitakachopunguzwa. Mimi ningeanza na safari, magari na ukarabati wa ofisi. Mwingine anaweza kuwa na orodha yake.

Hapo ndipo ile hazina ya kwanza inapopata uzito. Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi tayari ni mpango wa kodi. Haitaki mchango, haikisii mapato, na inagusa magonjwa yanayowapeleka Wakenya wengi hospitalini: malaria, homa ya mapafu, kuhara, shinikizo la damu, kisukari kinapoanza, kliniki ya wajawazito. Kama kuna kipande kimoja cha mpango wa Ruto ambacho ningependa kipite mikononi mwa kila serikali ijayo bila kuguswa, ni hiki. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliotumwa vijijini mwaka 2023 wakiwa na mikoba ya vipimo ni miguu na macho ya hazina hii, ingawa posho yao ndogo wengi wao wamekuwa wakiipata kwa kuchelewa.

Lakini hazina hiyo imetengewa kiasi gani? Viwango vya SHA vinahesabu Sh900 kwa mtu kwa mwaka kwa matibabu ya kawaida ya zahanati na kituo cha afya. Ni pesa kidogo. Duka la dawa mjini linaweza kuzimaliza kwa kikohozi kimoja cha mtoto. Hata tukizikubali, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na tumeongezeka tangu hapo. Mara Sh900, ni karibu Sh43 bilioni kwa mwaka. Katika bajeti ya 2025/26, hazina hii ilipewa Sh13.1 bilioni. Zinatosha watu wasiofika milioni 15. Mwananchi anayefika zahanati akaambiwa matibabu ni bure ila dawa hakuna anakutana na tofauti ya nambari hizo mbili, na muuguzi aliye mbele yake hana kosa.

Hazina ya tatu ina hali hiyo hiyo. Bajeti ya 2025/26 iliipa Sh8 bilioni kwa dharura zote na magonjwa sugu yote ya nchi nzima. Kwa viwango vya kuanzia, mgonjwa wa saratani alipewa hadi Sh400,000 kutoka SHIF kwa familia kwa mwaka, na zikiisha, Sh150,000 kutoka hazina hii. Anayejua gharama ya mionzi, kemo na vipimo vya kurudia rudia anajua kwamba Sh550,000 zinaweza kuisha kabla mwaka haujafika nusu. Kuna viwango vya SHA vinavyostahili kutajwa: kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kumepandishwa kutoka Sh9,500 za NHIF hadi Sh10,650 kwa kipindi kimoja, na kujifungua kwa upasuaji kunalipiwa Sh30,000. Familia nyingi zimeokolewa na viwango hivyo. Nyingine bado zinaitisha mchango WhatsApp.

Swali la tatu, la njia ya pesa, ndilo lililouharibia mpango huu jina katika miezi yake ya kwanza. NHIF ilizimwa na SHA ikawashwa usiku mmoja, na wagonjwa wa figo na saratani, ambao hawana anasa ya kusubiri wiki, walifika hospitalini wakakuta mfumo haufunguki. Wengine walitakiwa kulipa taslimu. Hospitali za binafsi, hasa ndogo za mashambani, zilikuwa tayari zinaidai NHIF mabilioni. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba hospitali zinazodai Sh10 milioni kushuka chini zitalipwa zote, na zinazodai zaidi zikaguliwe kwanza. Ukaguzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa madai hewa yapo, na mwaka huo huo Waziri wa Afya, Aden Duale, alisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu. Ila hospitali safi inayosubiri pamoja na chafu inafunga wodi, na mgonjwa wake ndiye anayepanda gari kwenda mji wa mbali.

Kisha kuna mfumo wa kompyuta wenyewe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, aliripoti Machi 2025 kwamba mfumo huo wa Sh104.8 bilioni ulinunuliwa bila ushindani, na kwamba serikali haimiliki kitu inacholipia. Simkatai anayesema bima ya watu milioni 50 haiwezi kuendeshwa kwa makaratasi. Teknolojia ndiyo inayoweza kumnasa anayedai kumlaza mgonjwa ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwake. Lakini kumbukumbu za magonjwa ya taifa zima, na bomba ambamo kila shilingi ya matibabu inapita, si vitu vya kuachwa chini ya mkono wa mwingine kwa mkataba ambao wananchi hawakuuona. Kati ya kasoro zote za mpango huu, hii ndiyo isiyo na kisingizio. Umaskini wa nchi haukuilazimisha, wala ugumu wa kazi yenyewe.

Mahakama nazo zilisema neno lao. Januari 2024, Mahakama ya Rufaa iliruhusu sheria ianze kutekelezwa lakini ikavizuia vipengele kadhaa. Kimoja kilitaka mtu aonyeshe uthibitisho wa kulipa SHIF ndipo apewe huduma yoyote ya serikali. Kingine kilisema atakayetibiwa ni yule tu ambaye michango yake haina pengo. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikatangaza kwamba sheria zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, ikalipatia Bunge siku 120 kurekebisha. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo na SHA ikaanza mwezi uliofuata. Wanasheria wataendelea. Mimi navitazama vile vipengele viwili vilivyozuiwa, kwa sababu vinaonyesha wazo lililokuwa nyuma ya mpango: kwamba maskini hataki kulipa, hivyo abanwe. Kifungu cha 43 cha Katiba hakikuandikwa kwa wazo hilo. Kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba asinyimwe matibabu ya dharura.

Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, wagombea watapanda majukwaani. Wengine watasema SHA ni mafanikio makubwa ya karne. Wengine wataahidi kuifuta. Anayeahidi kuifuta aulizwe kama atairudisha Sh1,700 ya mwenye milioni na Sh500 ya mama mboga, na mgonjwa wa figo atasafishwa damu wapi wiki ile ya mabadiliko; mabadiliko ya ghafla tumeshayaona mara moja, na waliolipa kwa miili yao hawahitaji kuyaona tena. Anayeisifu aulizwe lini mwajiri ataanza kuchangia, lini mfumo wa kompyuta utakuwa mali ya Wakenya, na lini familia zilizo chini ya mstari wa umaskini zitaondolewa kwenye maswali ya kuta na mapaa zikalipiwa zote bila kukisiwa.

Na hata kabla ya majukwaa, makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili kila mwaka, na ni waraka wa umma. Tafuta mstari wa Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Ukikuta bilioni 13 au 15, zahanati ya kwenu itaendelea kukosa dawa, hata jukwaani waseme nini. Ukikuta bilioni 40, mpigie simu mbunge wako umwambie asiruhusu ipunguzwe.